Ante Gotovina: jenerali aliyeachiwa huru na vita ambayo haijaisha mahakamani

Tarehe 16 Novemba 2012, mjini The Hague, Jaji Theodor Meron alisoma muhtasari wa hukumu ya rufaa iliyobadilisha maisha ya mtu mmoja na hisia za nchi mbili. Kwa kura tatu dhidi ya mbili, majaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani walifuta hatia yote ya Jenerali Ante Gotovina wa Kroatia, ambaye mwaka mmoja na miezi saba nyuma alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 24 kwa uhalifu dhidi ya Waserbia wa Kroatia mwaka 1995. Serikali ya Kroatia ilipeleka ndege kumchukua. Jioni ile ile umati uliokadiriwa kufikia watu laki moja ulimsubiri katika uwanja wa Ban Jelačić, Zagreb. Kule Belgrade, Rais wa Serbia Tomislav Nikolić alisema hiyo si hukumu ya sheria bali ya siasa.

Tangu siku hiyo hukumu inasomwa kwa namna mbili. Wakroatia wengi husema dunia imekiri kwamba vita yao ilikuwa safi. Waserbia wengi husema dunia imekiri kwamba damu yao haina thamani. Ukiisoma hukumu yenyewe, utaona haikusema la kwanza wala la pili. Ilijibu swali jembamba kuhusu mtu mmoja, makombora na amri zake. Ili kulielewa swali hilo lazima tumfahamu mtu mwenyewe, kisha tuielewe vita, na hapo ndipo tuingie mahakamani.

Gotovina alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1955 katika kijiji cha Tkon, kwenye kisiwa cha Pašman, mkabala na mji wa Zadar. Nchi hiyo wakati huo iliitwa Yugoslavia. Ni pwani ya wavuvi na mabaharia, na yeye hakuchelewa kuikimbia: akiwa bado kijana mdogo aliingia baharini, na mwaka 1973, kabla hajatimiza miaka 18, alijiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linaloandikisha askari kutoka mataifa yote na kuwaruhusu kutumia majina mapya. Alipangiwa kikosi cha pili cha askari wa miavuli, chenye makao yake Calvi katika kisiwa cha Corsica.

Kikosi hicho kinajulikana Afrika. Mei 1978 kiliruka kwa miavuli juu ya Kolwezi, katika jimbo la Shaba la Zaire ya wakati huo, mji wa migodi ambao waasi walikuwa wameuteka wakitokea Angola. Simulizi za maisha ya Gotovina humtaja miongoni mwa waliokuwapo, na hutaja pia utumishi wake Djibouti na Ivory Coast. Kwa hiyo Wakongo wanaozungumza Kiswahili cha Katanga walikutana na kikosi cha jenerali huyu miaka mingi kabla Ulaya haijalijua jina lake. Baada ya miaka mitano ya utumishi alipata uraia wa Ufaransa.

Kipindi kilichofuata hakimpendezeshi, na sioni sababu ya kukificha. Miaka ya 1980 alifanya kazi katika makampuni binafsi ya ulinzi nchini Ufaransa, akaenda Amerika ya Kusini na ya Kati kufundisha watu wenye silaha, na mwaka 1986 mahakama ya Paris ilimhukumu kifungo cha miaka mitano katika kesi ya uporaji. Mwaka uliofuata alikuwa nje ya gereza. Alirudi kwao mwaka 1991, Yugoslavia ikiwa inavunjika, akiwa na kitu ambacho vijana wengi waliojitokeza kupigania uhuru wa Kroatia hawakuwa nacho: alikuwa amewahi kuona vita.

Kroatia ilitangaza uhuru Juni 1991. Waserbia waliokuwa wakiishi humo, takriban asilimia 12 ya wananchi kwa sensa ya mwaka huo, wengi wao hawakutaka kubaki katika dola mpya ambayo kwao ilirudisha kumbukumbu za mauaji ya Waserbia katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa msaada wa jeshi la Yugoslavia na serikali ya Serbia ya Slobodan Milošević, waliunda jamhuri yao isiyotambuliwa na yeyote, Krajina, makao makuu yakiwa Knin. Karibu theluthi moja ya ardhi ya Kroatia ilitoka mikononi mwa serikali. Wakroatia walioishi humo walifukuzwa kwa maelfu. Novemba 1991 mji wa Vukovar ulianguka baada ya kuzingirwa, na siku hizo hizo makumi ya wanakijiji waliuawa Škabrnja, karibu kabisa na Zadar. Daraja la Maslenica, lililounganisha pwani ya Dalmatia na sehemu nyingine ya nchi kwa njia ya bara, liliangushwa. Kwa watu wa Zadar vita haikuwa habari ya kusikia redioni, kwa kuwa mizinga ya Krajina ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Gotovina alianza kama ofisa wa kawaida katika Slavonia ya Magharibi, akapanda vyeo haraka, na Oktoba 1992 akapewa kamandi ya Split, yaani upande wote wa kusini. Januari 1993 askari wake walilikomboa eneo la Maslenica. Kazi yake kubwa zaidi ya kijeshi, kwa maoni yangu, ni ile ambayo haizungumzwi sana nje ya Kroatia. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 1994 aliwapeleka wanajeshi juu ya mlima Dinara, ndani ya Bosnia, kwenye theluji, wakasogea hatua kwa hatua upande wa nyuma wa Knin. Mwishoni mwa Julai 1995, wiki mbili hivi baada ya mji wa Srebrenica nchini Bosnia kuanguka mikononi mwa Waserbia na mji wa Bihać ukiwa hatarini kufuata, majeshi yake yaliteka Glamoč na Bosansko Grahovo. Knin ikawa imezingirwa pande tatu. Mtu aliyeangalia ramani tarehe 30 Julai angeona kwamba Krajina imekwisha kushindwa kabla ya risasi ya mwisho.

Operesheni iliyoitwa Oluja, maana yake tufani, ilianza alfajiri ya tarehe 4 Agosti 1995. Asubuhi ya tarehe 5 bendera ya Kroatia ilikuwa juu ya ngome ya Knin. Ndani ya siku nne Krajina haikuwapo tena. Ni operesheni iliyosaidia kuvunja mzingiro wa Bihać na kuharakisha mazungumzo yaliyozaa mkataba wa amani wa Dayton mwishoni mwa mwaka huo. Kroatia huadhimisha tarehe 5 Agosti kila mwaka kama Siku ya Ushindi.

Siku hizo hizo, barabara za kuelekea Bosnia na Serbia zilijaa matrekta, mikokoteni na magari madogo. Waserbia kati ya 150,000 na 200,000 waliondoka. Uongozi wa Krajina wenyewe, chini ya Milan Martić, ulitoa amri ya raia kuondolewa mchana wa tarehe 4, na jambo hilo lilikuja kuwa hoja kubwa mahakamani. Waliobaki wengi walikuwa wazee wasioweza au wasiotaka kuhama. Katika wiki zilizofuata, mamia kati yao waliuawa vijijini, wengine ndani ya nyumba zao. Kamati ya Helsinki ya Kroatia, shirika la haki za binadamu la Wakroatia wenyewe, iliorodhesha raia 677 waliouawa. Nyumba kwa maelfu zilichomwa baada ya mapigano kwisha, hivyo haiwezekani kusema ziliungua vitani. Katika kitongoji cha Grubori wazee waliuawa tarehe 25 Agosti, polisi maalumu wakiwa katika msako. Katika kijiji cha Varivode, tarehe 28 Septemba, waliuawa watu tisa. Hapo vita ya Krajina ilikuwa imemalizika kwa karibu miezi miwili.

Gotovina alikuwa wapi? Upande wa utetezi ulilisisitiza jibu hili: muda mfupi baada ya Knin kuanguka alirudi Bosnia kuongoza mashambulizi mengine yaliyofika hadi Jajce na Mrkonjić Grad. Ipo pia video ya tarehe 6 Agosti, iliyoonyeshwa mahakamani, ambamo anawakaripia maofisa wake kwa ukali kuhusu vurugu za wanajeshi mjini Knin. Wanaomtetea huiona kama ushahidi kwamba alipinga uporaji. Waliomshtaki waliiona kwa jicho lingine: kama alijua siku ya pili, alifanya nini siku ya tatu, ya kumi, ya ishirini?

Rais Franjo Tuđman wa Kroatia alifariki Desemba 1999 na upepo wa siasa ukageuka. Septemba 2000 majenerali 12 waliandika barua ya wazi wakilalamika kwamba serikali mpya inaichafua vita ya uhuru. Rais Stipe Mesić aliwastaafisha kwa lazima wale waliokuwa bado kazini, Gotovina akiwamo. Mwaka uliofuata hati ya mashtaka ilifika Zagreb kutoka The Hague. Waziri Mkuu Ivica Račan aliamua kutoa ushirikiano, mawaziri kadhaa wakajiuzulu kwa kupinga, na Gotovina akatoweka.

Kwa miaka minne na zaidi alitafutwa. Mabango yenye picha yake na neno shujaa yalitundikwa kando ya barabara za Dalmatia. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepanga kuanza mazungumzo ya uanachama na Kroatia tarehe 17 Machi 2005, ukayaahirisha kwa sababu jenerali hajapatikana. Mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya The Hague, Carla Del Ponte, alifika mahali pa kusema hadharani kwamba anaamini amefichwa katika monasteri ya Kikatoliki. Hakuwa monasterini. Tarehe 7 Desemba 2005 polisi wa Hispania walimkamata hotelini katika kisiwa cha Tenerife, akiwa na pasipoti ya jina la Kristian Horvat yenye mihuri ya nchi nyingi. Wakati huo mazungumzo na Umoja wa Ulaya yalikuwa yamekwisha kuanza, Oktoba, baada ya Del Ponte kuthibitisha kwamba Zagreb inashirikiana kikamilifu.

Kesi ilianza Machi 2008, akiwa pamoja na majenerali Ivan Čermak na Mladen Markač. Jopo liliongozwa na Alphons Orie wa Uholanzi, na mmoja wa majaji wenzake alikuwa Elizabeth Gwaunza wa Zimbabwe. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na hapa ndipo magazeti mengi hupita mbio.

Waendesha mashtaka hawakudai kwamba Gotovina alimuua mtu kwa mkono wake, wala kwamba aliamuru kuuawa kwa wazee wa Varivode. Walidai kwamba alikuwa mshiriki katika mpango wa pamoja wa jinai, ukiongozwa na Tuđman, wa kuwaondoa Waserbia Krajina kwa nguvu na kwa hofu. Dhana hiyo ya kisheria ina makali sana: ukithibitishwa kuwa mshiriki wa mpango, unaweza kubebeshwa pia uhalifu mwingine uliofanywa na watu wengine, iwapo ulitabirika na ulikubali hatari yake. Kwa hiyo mauaji na uchomaji wa nyumba vilimfikia Gotovina kupitia mlango wa mpango huo. Mlango ukifungwa, na vyenyewe vinabaki nje.

Mpango ulithibitishwaje? Kulikuwa na kumbukumbu za mkutano wa tarehe 31 Julai 1995 katika visiwa vya Brijuni, ambapo Tuđman na majenerali wake walizungumza kuhusu mashambulizi na kuhusu raia kuachiwa njia ya kutokea. Kulikuwa na amri ya Gotovina ya tarehe 2 Agosti iliyotaka miji ya Knin, Benkovac, Obrovac, Gračac na Drvar iwekwe chini ya mashambulizi ya mizinga. Waendesha mashtaka walisoma: piga miji. Utetezi ulisoma: piga malengo ya kijeshi yaliyomo mijini, na askari wa mizinga walikuwa na orodha ya malengo hayo.

Ili kuamua nani amesoma sawasawa, majaji waliangalia mahali makombora yalipoangukia. Ndipo ikazaliwa namba iliyobeba kesi nzima: mita 200. Majaji walisema kwamba kombora lililoanguka ndani ya mita 200 za lengo halali la kijeshi, mfano makao makuu ya jeshi la Krajina au kambi, linaweza kuhesabiwa kuwa lililenga hapo likakosea. Lililoanguka mbali zaidi ya hapo, katika mji usio na lengo jingine karibu, lilikuwa ushahidi kwamba raia walilengwa. Makombora mengi sana yaliangukia ndani ya kipimo, utetezi ukisema ni asilimia kama 95. Yaliyobaki yakatosha kwa majaji kusema kwamba mashambulizi dhidi ya miji hayakuwa halali, kwamba hofu ya mashambulizi ndiyo iliyowakimbiza watu, na kwamba ukihama kwa hofu ya aina hiyo umefukuzwa. Tarehe 15 Aprili 2011 Gotovina alipewa miaka 24, Markač 18. Čermak aliachiwa huru.

Ukiitazama hukumu hiyo kwa makini utaona jinsi ilivyojengwa: makombora yanathibitisha uharamu wa mashambulizi, uharamu unathibitisha kufukuzwa, kufukuzwa kunathibitisha mpango, mpango unabeba mauaji. Tofali la chini kabisa ni mita 200.

Majaji wa rufaa walilichomoa. Majaji wote watano walikubaliana kwamba jopo la kwanza halikueleza lilikipata wapi kipimo hicho, na kwamba hakuna shahidi hata mmoja aliyekitaja. Mzinga unaofyatuliwa kutoka umbali wa kilomita nyingi haukosei kwa kiasi kile kile kila siku. Upepo, joto, aina ya silaha na umbali vyote hubadilisha kosa. Hadi hapo hapakuwa na mgogoro.

Mgogoro ulikuja katika swali la pili: namba ikishaondoka, kinabaki nini? Meron wa Marekani, Patrick Robinson wa Jamaika na Mehmet Güney wa Uturuki walisema hakibaki kitu kinachotosha. Amri ya tarehe 2 Agosti inasomeka kwa namna mbili. Kumbukumbu za Brijuni nazo pia. Bila mashambulizi haramu hakuna kufukuzwa, na bila kufukuzwa hakuna mpango. Carmel Agius wa Malta na Fausto Pocar wa Italia walipinga kwa maneno makali kuliko yanavyozoeleka kwa majaji. Pocar aliandika kwamba hukumu ya wenzake inapingana na hisia yoyote ya haki. Hoja yao ilikuwa kwamba kama kipimo kilikosewa, kazi ya mahakama ya rufaa ilikuwa kuweka kipimo sahihi na kuupima ushahidi wote upya kwa pamoja, badala ya kuangusha jengo zima kwa sababu ya tofali moja.

Mimi naona majaji walio wengi walikuwa sahihi kuhusu mita 200, kwa sababu mtu hawezi kufungwa miaka 24 kwa namba ambayo hakuna ajuaye ilikotoka. Lakini naona pia kwamba Agius na Pocar waliuliza swali ambalo halikujibiwa vya kutosha, hasa kuhusu wajibu wa kamanda aliyejua kwamba askari wake wanachoma na kupora. Hukumu ilizigusa njia hizo nyingine za uwajibikaji kwa kifupi mno, ukilinganisha na uzito wa yaliyotokea vijijini.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya karibu ya kulifuatilia jambo hili. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha na ile ya Yugoslavia ya The Hague zilikuwa na Chumba cha Rufaa kimoja. Meron huyo huyo aliongoza jopo lililomwachia huru Protais Zigiranyirazo, shemeji wa Rais Habyarimana wa Rwanda, mwaka 2009 baada ya kuhukumiwa miaka 20 Arusha, na lile lililowaachia mawaziri wa zamani wa Rwanda, Justin Mugenzi na Prosper Mugiraneza, Februari 2013, kiasi cha miezi mitatu baada ya Gotovina. Mantiki ilifanana: hatia iliyojengwa juu ya hitimisho moja, na rufaa ikisema ushahidi ule ungeweza kuwa na maelezo mengine. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Gotovina alipandishwa ndege ya serikali. Zigiranyirazo alibaki Arusha kwa miaka mingi, huru kwa sheria, bila nchi ya kumpokea.

Jopo la Meron halikutamka mahali popote kwamba wazee wa Grubori hawakuuawa au kwamba nyumba hazikuchomwa. Kuachiwa huru maana yake ni kwamba mashtaka hayakuthibitishwa dhidi ya washtakiwa hawa. Februari 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyatupa mashtaka ya mauaji ya kimbari ambayo Kroatia na Serbia zilishtakiana. Kuhusu Oluja majaji walisema nia ya kuangamiza haikuthibitishwa, lakini walikubali kwamba raia wa Kiserbia waliuawa na kuteswa. Waserbia wachache ndio waliorudi. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta wakiwa asilimia 3.2 ya wananchi wa Kroatia.

Gotovina mwenyewe hakuingia siasa, ingawa angeweza kuchaguliwa karibu kwa cheo chochote. Maneno yake ya kwanza pale uwanjani yalikuwa kwamba vita ni mambo yaliyopita na watu wageukie mbele, na siku chache baadaye aliliambia gazeti moja la Belgrade kwamba Waserbia waliokimbia warudi, kwa kuwa Kroatia ni kwao pia. Aliyatamka hayo wakati umati ungemshangilia hata kama angesema kinyume, nami nayaheshimu. Baadaye alijishughulisha na ufugaji wa samaki aina ya jodari baharini karibu na Zadar. Agosti 2020 alihutubia sherehe za Knin, na kwa mara ya kwanza mwakilishi wa kisiasa wa Waserbia wa Kroatia, Naibu Waziri Mkuu Boris Milošević, ambaye bibi yake aliuawa mwaka 1995 baada ya Oluja, alikuwapo. Wiki tatu baadaye viongozi wa juu wa Kroatia walikwenda Grubori kuweka mashada ya maua.

Mahakama za Kroatia zimekwenda polepole zaidi kuliko wanasiasa. Kesi ya Grubori iliishia kwa polisi walioshtakiwa kuachiwa huru. Hukumu za mwisho dhidi ya askari wa Kroatia kwa mauaji ya wakati wa Oluja ni za kuhesabika kwa vidole. Na mauaji ya Varivode hayajapata mtu wa kuyajibu, ingawa mwanzoni mwa mwaka 2013 mahakama ya Knin iliamua kwamba dola ya Kroatia inawajibika na ikaiamuru iwalipe fidia watoto wa mume na mke waliouawa pale.